Rangi Mpya Hadi Kiunoni

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua kabla sijaingia ndani. Nikilisema hili ofisini watu hucheka, wakidhani natia chumvi. Wanaofuatilia minada ya nyumba za benki hapa Dar es Salaam hawacheki. Tangazo unaliona gazetini, unafunga safari kwenda kuitazama, unakuta geti limefungwa, na nyuma ya geti kuna mtu ambaye hana sababu hata moja ya kukukaribisha. Unazunguka ukuta. Unachungulia penye tundu. Unaona bati za msauzi bado zina rangi, madirisha ya alumini, mwembe mmoja, tenki la maji juu ya mnara. Unapiga picha mbili kwa simu, unapanda bodaboda, na njiani umeshaanza kupanga kochi likae wapi.

Ilikuwa Agosti 2020, Kinyerezi. Nilikuwa nimepanga Tabata miaka kumi na moja, kwa wenye nyumba watatu tofauti, na yule wa mwisho alikuwa akidai kodi ya miezi sita kila Januari, wakati ule ule ada za shule nazo zinadaiwa. Tangazo lilisema vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, uzio, kiwanja kimepimwa, hati ipo. Mtu mmoja aliyezoea minada alinitonya kwamba itachukuliwa chini ya milioni themanini. Nyumba za jinsi ile mtaa ule zilikuwa zikiulizwa mia na kitu. Usiku sikulala.

Upande wa makaratasi sikuwa mzembe. Aliyewahi kusikia kesi za nyumba za mnada anajua hofu ya kwanza ni mahakama: umeshalipa, mwenye nyumba analeta zuio, mke wake anatokea na kusema hakuwahi kusaini chochote. Kwa hiyo nililipa wakili. Akafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, akahakikisha rehani imesajiliwa, akaulizia kama mwenye nyumba alipewa ile notisi ya siku 60 inayotakiwa na Sheria ya Ardhi, kama mnada ulitangazwa siku 14 kabla, na kama mwenza wake aliridhia nyumba ya familia iwekwe dhamana. Yote yalikuwa sawa. Akaniambia, "Dada, hii ni safi." Lile neno "safi" nililitanua mwenyewe hadi likafunika paa, choo na msingi. Yeye alikuwa akizungumzia karatasi tu.

Kisha nikamuuliza afisa wa benki kama nyumba imekaguliwa. Akajibu bila kusita, "Imekaguliwa dada yangu, ripoti ya mthamini ipo." Hakudanganya. Ripoti ilikuwepo, imefungwa vizuri na picha za rangi. Nilichoshindwa kuuliza ni ya lini na ya kazi gani. Iliandikwa miaka minne kabla, siku mwenye nyumba alipoomba mkopo, na kazi ya mthamini ni kusema nyumba ina thamani ya shilingi ngapi. Hapandi darini kugonga kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Hafungui chemba ya maji taka. Kwenye ukurasa wa hali ya jengo aliandika "ya kuridhisha", na mimi nikaridhika.

Mnada ulifanyika pale pale getini, Jumamosi saa nne asubuhi. Dalali alisoma masharti haraka kama mtu anayesoma tahadhari ya dawa: asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14, ukishindwa amana inakwenda, na mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Maneno hayo manne, kama ilivyo, mahali ilipo, yamo kwenye kila tangazo na nilikuwa nimeshayasoma mara nyingi kiasi cha kutoyaona tena. Wakati dalali anasoma, pazia la dirisha la mbele lilisogea kidogo. Kulikuwa na mtu anatutazama. Niligeuza uso. Nikaangalia simu yangu, nikajifanya nahesabu. Ningekuwa na uso mkavu siku mbili kabla, nikabisha hodi na kumuuliza yule mtu maswali matatu tu, ningeokoa milioni nyingi. Lakini utamwendeaje mtu anayepoteza nyumba yake ukamuulize kama choo chake kinafanya kazi? Niliona haya, na nikaona haya zangu ni ustaarabu.

Ilinishukia kwa milioni 71.

Funguo nilizipata wiki ya tatu ya Septemba, baada ya mwenye nyumba kuondoka. Nikaenda na mdogo wangu wa kiume. Mlango wa mbele haukuwa na kitasa. Ndani, mabomba yote ya sinki yalikuwa yamefunguliwa, pampu ya kisima haipo, na waya zilikuwa zimevutwa kutoka kwenye paipu zake ukutani, chumba kimoja hadi kingine, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Kwenye choo cha masta kulikuwa na kitu cha kijivu, kigumu. Mdogo wangu akachutama, akakigonga kwa ufunguo. "Dada, hii ni zege."

Siku hiyo nilimlaani yule mtu kwa kila lugha ninayoijua. Lakini niseme ukweli, zege na waya ndiyo yaliyokuwa mambo madogo. Yanaonekana, yana bei, fundi anakuja anakupa hesabu. Lililonimaliza lilikuwa ukutani mbele ya macho yangu, nami nikalisifia.

Sebule na vyumba vyote vilikuwa vimepakwa rangi ya mafuta, rangi ya maziwa ya kahawa, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Juu yake rangi ya zamani, nyeupe iliyofifia. Nyumba nyingi za kwetu zina mkanda huo wa rangi ya mafuta chini ili watoto wasichafue ukuta, kwa hiyo nikaona nyumba imetunzwa. Soketi zote za umeme zilikuwa juu, usawa wa kifua. Nikasema vizuri, watoto hawatafikia. Mlango wa nyuma ulikuwa na kizingiti cha kozi mbili za tofali ambacho unakiruka kama unavuka mtaro. Hicho sikukielewa, nikamwambia mdogo wangu tutakivunja.

Tulihamia tarehe mosi Oktoba. Wanaokumbuka vuli ya 2020 wanakumbuka ile mvua ya katikati ya mwezi iliyojaza maji nusu ya jiji. Kwangu maji hayakuingilia mlangoni. Yalianzia chooni. Saa tisa usiku nilisikia sauti kama mtu anasukutua, nikawasha tochi ya simu, nikaona maji meusi yanapanda taratibu kutoka kwenye choo kile tulichokizibua kwa shida. Kufikia alfajiri yalikuwa yamefika pale pale rangi ya maziwa ya kahawa inapoishia. Karibu sana na pale. Kama vidole viwili chini yake.

Asubuhi mama mmoja anayeuza vitumbua kona ya mtaa alikuja kutusaidia kutoa magodoro. Akawa ananitazama kwa huruma iliyochanganyika na mshangao. "Mwanangu, kwani hukuuliza? Yule baba aliyetoka, kila masika familia yake ilikuwa inahamia kwa shemeji yake Ukonga." Kisha, kama vile ananiongezea habari ya kawaida tu, "Na karo lao la choo lilifurika hata kiangazi."

Nyumba nimeitazama mara mbili. Wakili ameipekua. Benki ina ripoti. Na mtu aliyejua kila kitu alikuwa amekaa hatua thelathini kutoka getini akikaanga vitumbua, na mimi nilinunua kwake vitatu siku ya mnada.

Mjomba wangu alikuja kutoka Tanga wiki iliyofuata. Ni fundi mwashi aliyestaafu kwa mgongo, si kwa moyo. Amejenga miaka arobaini. Aliingia, akasimama katikati ya sebule yenye tope, akatazama ukuta muda mrefu.

"Nani kapaka hii rangi?"

"Nimeikuta, Mjomba."

"Mtu nyumba inamtoka mkononi anapata wapi hamu ya kupaka rangi? Tena nusu?" Akasogea kwenye soketi. "Na hizi?"

Nikamwambia zimewekwa juu kwa ajili ya watoto. Akaniangalia kama anavyomwangalia saidia fundi aliyechanganya saruji kwa ndoo isiyo yake. "Mwanangu, mtu hapandishi soketi hadi kifuani kwa ajili ya mtoto. Anapandisha kwa ajili ya maji."

Siku ile nilitembea nyuma yake na daftari, na niliyoyaandika ndiyo ninayoyatumia hadi leo. Nyufa, kwa mfano, mimi nilidhani ni nyufa tu. Yeye aliziweka mafungu. Zile nyembamba kama utando wa buibui, zinazokwenda kila upande, ni za lipu iliyokauka upesi bila kumwagiwa maji. Aibu ya fundi, lakini hazikuangushii nyumba. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kwenda mshazari kushuka chini, mpana upande mmoja kuliko mwingine, huo unatoka kwenye msingi: upande mmoja wa nyumba umekaa, mwingine haujakaa. Ufa wa mlalo uliofuata rinta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, urefu mzima aliufuata kwa kidole hadi mwisho, akanyamaza. Chumba cha nyuma kulikuwa na mshazari unaoweza kuingiza sarafu. Akachukua kipande cha kioo, akakibandika juu ya ufa kwa jipsamu, akaandika tarehe kwa penseli. "Kikikatika, bado nyumba inatembea." Kilikatika Januari.

Aligonga vigae vya sakafu kwa sarafu, kimoja kimoja, sikio chini. Palipolia mtungi palikuwa na uwazi, jamvi, yaani zege la sakafu, limeachana na kifusi kilichooshwa na maji. Alipanda darini na bisibisi, akaichoma mbao za kenchi karibu na ukuta, mahali ambapo mchwa huanza. Kwenye mbao mbili bisibisi iliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Akafuata njia za udongo za mchwa kwa tochi hadi zilikotoka, nyuma ya kabati la jiko. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na unga mweupe unaotoka kwenye lipu, nami nilikuwa nimeufuta mara mbili nikidhani ni chokaa. Ulikuwa ni chumvi inayobebwa na unyevu unaopanda kutoka ardhini, maana chini ya kozi ya kwanza hakukuwekwa karatasi ya nailoni ya kuzuia maji.

Lakini jambo lililomfanya akae chini lilikuwa karo. Tulilitafuta kutwa nzima ndani ya uzio na hatukulipata. Tulimwaga maji chooni, tukafungua chemba moja, tukaona yanakoelekea: nje, chini ya ukuta, kwenye kiwanja cha jirani. Aliyejenga alichimba shimo kule wakati kule bado ni pori, na pori hilo sasa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameshashusha tripu mbili za mawe. Hati yangu ilikuwa safi kweli. Choo changu ndicho kilikuwa cha mtu mwingine.

Mpima alikuja akatafuta bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja. Moja ilikuwa ndani ya banda la kuku. Kutoka ukutani hadi kingo za mto alipata mita 84, nikashukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na bonde la Msimbazi tuliona wote alama za X nyekundu kwenye nyumba na matingatinga yakizibomoa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Hilo lilikuwa bahati tu. Sikulipima kabla, sikujua hata kama linapimwa. Waliobomolewa nyumba kando ya Barabara ya Morogoro kule Kimara mwaka 2017 watakueleza vizuri zaidi bahati ikikosekana inakuwaje.

Hesabu iko kwenye daftari. Kuinua sakafu kwa kifusi na kumwaga jamvi jipya, milioni 6.2. Karo jipya na mabomba yake, 4.8. Mtaro na ukuta wa kukinga maji nyuma, 5.4. Ukiongeza waya, milango, pampu, kenchi, na kodi ya miezi mitano tuliporudi kupanga, jumla yote ikafika milioni 23.9. Nyumba ya milioni 71 ikawa ya karibu 95, na kwa bei hiyo ningepata nyingine mtaa wa juu, kavu, yenye mwenyewe wa kunionyesha vyumba na kunipikia chai. Tena sakafu ilipoinuka dari halikuinuka. Mgeni mrefu akija kwangu anainama kuingia jikoni, na kila anapoinama nakumbuka.

Watu huniuliza kwa nini sikudai kwa benki. Nilikwenda. Walinisikiliza kwa adabu, wakanionyesha kwenye masharti yale maneno manne.

Kwetu ni nadra kupata mtu wa kumpigia simu akaja na kibegi kukagua nyumba yote siku moja, akakuandikia ripoti, kama nilivyosikia kwa ndugu walioko Marekani. Wapo wahandisi waliosajiliwa na bodi yao, na kwa nyumba ya ghorofa au yenye ufa mkubwa siendi bila mmoja wao. Kwa nyumba ya kawaida unajikusanyia mwenyewe: fundi mwashi mzee asiyetafuta kazi ya kuirekebisha (huyo ni muhimu, maana anayetafuta kazi ataona ubovu kila mahali, na rafiki wa dalali hatauona popote), fundi umeme mwenye leseni, fundi bomba, mpima. Mara ya mwisho wote wanne walinigharimu laki nne na nusu pamoja na nauli. Ukilinganisha na milioni 23.9, ni pesa ya vocha.

Ugumu wa nyumba ya mnada ni geti. Matangazo mengi husema wazi kwamba mali inaweza kukaguliwa kabla, kwa utaratibu, lakini utaratibu hauji kwako. Siku hizi naandika barua benki na nakala kwa dalali, naomba saa mbili, nataja siku. Wakati mwingine wanakubali. Wakikataa, au mwenye nyumba akikataa, nakagua kwa nje na ninapunguza bei ninayoweza kufika kana kwamba kila nisichokiona ni kibovu. Na kwa nje kunaonekana mengi kuliko nilivyodhani. Nakwenda mvua ikinyesha, hata kama ni kulowa. Naangalia nyumba za jirani: viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma ya mlango, ngazi ndefu kwenye nyumba ya chini, mstari wa tope kwenye uzio. Namuuliza dereva wa bodaboda mitaa gani hapiti masika, maana huyo hana nyumba ya kuuza. Naulizia gari la maji taka linaingia pale mara ngapi kwa mwaka. Namtafuta mjumbe. Na kabla ya mjumbe namtafuta anayekaanga kitu pale kona.

Nyumba iliyokaa tupu ina magonjwa yake. Kuna moja Goba tuliitazama, imefungwa zaidi ya mwaka, nzuri kwa macho. Mchwa walikuwa wamekula fremu za milango hadi zimebaki rangi. Na kwa kuwa kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, mita isiyonunuliwa umeme muda wote huo ilikuwa imekaa na deni lake, inamngoja wa kwanza atakayeweka pesa. Kidogo, lakini linakuambia nyumba haina mtu wa kuijali.

Mwaka 2024 mdogo wangu naye akataka kununua. Kigamboni, Kibada, nyumba ya vyumba vinne, mnada wa benki. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Tulikuwa mimi, yeye na Mjomba, tumesimama nje ya geti la bati, na nikaona kwenye uso wa mdogo wangu zile zile haya zangu za Kinyerezi.

"Dada, tutamwambiaje?"

"Tutamwambia tulivyo."

Nikabisha hodi. Alitoka mzee wa miaka sabini hivi, amevaa msuli na fulana nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyie ni wa benki?"

"Hapana, mzee wangu. Tumesikia nyumba inauzwa. Tunaomba kuiona, na ukitukatalia tutaondoka hatutakusumbua."

Alinyamaza. Mjomba akamwamkia kama wazee wanavyoamkiana, wakaulizana kwao wapi, ikatokea mzee ana watu Pangani. Hatimaye akafungua geti. "Wamekuja wengi kupiga picha ukutani," akasema. "Nyie ndio wa kwanza kubisha hodi."

Nilidhani ataficha. Alitukagulia nyumba mwenyewe. Vyumba viwili vya mbele alisema havina shida, alivijenga kwanza, kwa mchanga wa mto na saruji ya kutosha. Tulipofika veranda ya nyuma Mjomba alisimama. Nguzo zilikuwa na nyufa za wima, na kwenye nyufa kutu ya kahawia inachuruzika kama machozi ya mtu mwenye wanja. Mjomba akakwaruza tofali kwa ufunguo. Mchanga ukamwagika, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Mchanga wa wapi huu, mzee mwenzangu?"

Mzee akacheka kidogo, bila furaha. "Wa baharini. Mwaka ule pesa iliishia kwenye rinta. Vijana wakaniletea wa bei nafuu usiku. Nilijua." Akagonga nguzo kwa kiganja. "Chumvi inakula nondo. Vyumba vya nyuma vyote ni hivi. Msimdanganye kijana kwamba atavipiga lipu vikakaa."

Alituonyesha pia paa linapovujia, akatuambia kisima maji yake yana magadi tangu mwaka wa tatu, na karo liko wapi: ndani ya uzio, chini ya mkorosho, alilichimba mwenyewe. Kwenye saa moja na nusu nilijua nyumba ile kuliko nilivyoijua yangu baada ya mwaka. Tulipoaga, mdogo wangu alimpa mkono kwa mikono miwili, na hakuna aliyepata la kusema.

Usiku ule Mjomba alipiga hesabu nyuma ya kiberiti. Kubomoa sehemu ya nyuma hadi msingi na kuijenga upya, kenchi, paa, milioni 34 kwa uchache. Nyumba nzima ikiwa sawa ingefika milioni 75 mtaani. Akaandika 41, akaizungushia duara, akampa mdogo wangu kile kiberiti. "Hapa ndipo mkono wako unashuka. Hata wakikucheka."

Siku ya mnada watu walikuwa kama kumi na tano. Mzee alitoka nje safari hii, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkorosho, akatuinulia mkono. Bei ikaanza 30, ikapanda upesi. Kwenye 41 mdogo wangu alikuwa juu, kimya kikaingia, nikaona kidole chake kinafinya kiberiti mfukoni. Bwana mmoja mwenye simu sikioni akasema 43. Mdogo wangu akanitazama. Nikatikisa kichwa. Bwana yule akashindana na mwingine hadi 58, dalali akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikawa yake.

Tulikuwa tunatafuta bajaji pale barabarani alipotufikia, anajifuta jasho, karatasi ya malipo ya amana bado mkononi.

"Dada, samahani," akasema. "Nimeona yule mzee anawasalimia. Hivi nyie ndani mmewahi kuingia? Ina vyumba vingapi?"